Makosa na Matengenezo ya Vyombo vya Kageye

Sisi tukaao pwani ya Nyanza twaviona vyombo kila siku, hata tumezoea kuvipita bila kuvitazama. Asubuhi mtumbwi watoka kuvua, jioni warudi, nao wavuvi huupindua mchangani ili ukauke. Lakini kila chombo kina habari yake. Ukiinama na kuutazama mtumbwi mkuukuu kwa makini, utaona kiraka hapa, na pale ubao mpya uliopigiliwa juu ya ubao wa zamani, na mahali pengine tundu la msumari lililozibwa kwa kijiti. Hayo yote ni maandiko ya mafundi. Husimulia mahali chombo kilipoumia, na mahali fundi alipokosea, na jinsi kosa lilivyotengenezwa.

Leo nataka kusimulia habari za vyombo vilivyotengenezwa Kageye, kijiji cha wilaya ya Magu, kando ya Ghuba ya Speke. Vijana wengi hupita hapo wasijue ya kuwa zamani palikuwa bandari mashuhuri. Wafanya biashara wa pwani walikaa hapo, misafara kutoka Unguja na Bagamoyo ilitua hapo, na watu waliotaka kuvuka kwenda Uganda walitafuta vyombo hapo. Mtawala wa mahali hapo katika mwaka 1875 alikuwa Kaduma. Tena wako wageni waliokufa na kuzikwa Kageye, mbali sana na kwao. Nimechagua habari hizi kwa sababu ndani yake mna mafundisho juu ya kosa, nalo ni jambo linalotupata sote, mwenye chombo na asiye na chombo.

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi mitumbwi ya ziwa hili ilivyoundwa. Ilikuwako mitumbwi ya gogo moja lililochongwa na kutobolewa, lakini mitumbwi mikubwa ya safari, hasa ya Waganda na ya watu wa visiwani, iliundwa kwa mbao. Fundi alichagua mti mrefu wa kufanya mkuku, akauchonga kwa tezo. Kisha alichonga mbao za ubavuni, akatoboa matundu kando kando yake, akazishona kwa nyuzi za mimea kama mtu ashonavyo mkeka. Katika nafasi za mishono alikaza nyuzi za migomba ili maji yasiingie. Haukuwamo msumari hata mmoja. Chombo cha namna hii chajua kupindika katika mawimbi bila kuvunjika, na hiyo ndiyo sifa yake. Aibu yake ni kwamba nyuzi huoza. Kila safari palikuwa na mtu mmoja kazi yake kufua maji, na safari ikiisha palikuwa na kazi ya kushona tena. Mtumbwi wa kushonwa haukuundwa mara moja tu. Uliundwa kila mwaka.

Tena kuna jambo la pili ambalo wageni wa vyombo hawalijui. Ubao ukikaa juani husinyaa, na ukikaa majini huvimba. Mimi mwenyewe nililijifunza jambo hili kwa aibu. Nilipokuwa mwalimu kijana, mzee mmoja wa kijiji chetu aliniomba nimsaidie kutengeneza mtumbwi wake wa mbao, uliolala chini ya mti muda wa misimu miwili ya kiangazi. Mianya ilikuwa mipana, hata kidole cha mtoto chaweza kupita. Nikaona fahari kuonyesha bidii. Nikachukua pamba na patasi butu, nikakalafati kila mwanya kwa nguvu zangu zote, pamba ikakaa ngumu kama jiwe. Wote walisifu kazi yangu. Tukaushusha mtumbwi majini jioni, tukaufunga. Kulipokucha tukakuta ubao mmoja wa ubavuni umepasuka toka tundu la msumari hata tundu la msumari, urefu wa mkono mzima. Mbao zilikunywa maji usiku, zikavimba, zikakosa nafasi kwa sababu ya pamba yangu, nazo zikasukumana hata ule ulio dhaifu ukapasuka.

Yule mzee hakunikaripia. Alisema, "Mwalimu, ubao ulikuwa na kiu, nawe umeuziba kinywa." Kisha akaniagiza nitoe pamba yote niliyoitia. Kazi ya kutoa ilikuwa ndefu kuliko ya kutia. Tukaufunika mtumbwi kwa majani mabichi, tukaumwagia maji siku nyingi, asubuhi na jioni. Mianya mingi ikajifunga yenyewe. Ile iliyobaki ndiyo tuliyoikalafati, tena kwa mkono mwepesi. Ubao uliopasuka tuliukata, tukatia mwingine. Kiraka hicho kilikaa pale mpaka mtumbwi ulipokwisha kazi, na kila nilipokiona nilikumbuka ya kuwa bidii isiyo na maarifa huvunja kile itakacho kukiponya.

Sasa turudi Kageye. Mnamo tarehe 27 Februari 1875 msafara wa Henry Morton Stanley ulifika hapo kutoka pwani. Ndani ya mizigo yake mlikuwa na mashua iitwayo Lady Alice, iliyoundwa Uingereza kwa mbao nyepesi za mwerezi. Urefu wake ulikuwa futi 40, nayo iligawanyika vipande vitano vya futi nane nane, ili wapagazi waichukue mabegani na kuiunganisha watakapofika majini. Shauri lilikuwa jema, lakini hapo ndipo kosa la kwanza lilipoonekana. Mashua ilipofika Unguja na vipande kupimwa, ikaonekana ya kuwa ni vizito mno, wapagazi hawataviweza katika njia nyembamba za porini. Muundaji alikuwa amefikiri habari za maji, wala hakufikiri sana habari za mabega ya watu. Basi akatafutwa seremala wa meli, naye akavikata vipande vile tena ili viwe vyembamba na vyepesi. Kama kosa hili lisingaligunduliwa Unguja, lingaligunduliwa katikati ya Ugogo, mahali pasipo na seremala. Fundi mwenye akili hupima mzigo kabla ya safari, hangoji mzigo umpime yeye.

Tarehe 8 Machi mashua ile ilishushwa majini Kageye, ikaelekea mashariki ndani ya ghuba, ikapita mlango wa mto Simiyu, kisha ikalizunguka ziwa lote. Stanley alirudi Kageye tarehe 6 Mei. Akakuta huzuni: kijana mmoja Mwingereza aliyemwacha kambini, Frederick Barker, alikuwa amekufa kwa homa tarehe 23 Aprili. Kaburi lake likawa Kageye.

Safari ya kuzunguka ilikwisha, lakini ilibaki kazi kubwa zaidi, yaani kuwavusha watu wote wa msafara mpaka Uganda. Kabaka Mutesa aliahidi kuleta mitumbwi, lakini mitumbwi haikufika. Basi Stanley akaenda Ukerewe kwa Mtemi Lukonge kuomba vyombo. Lukonge alikubali, lakini alijua ya kuwa watu wake hawatapenda kwenda Uganda. Ikafanyika hila: Wakerewe walipofika Kageye na mitumbwi yao, watu wa msafara waliivuta nchi kavu na kuizuia. Ilikuwa mitumbwi 23. Hivyo vyombo vikapatikana, lakini havikupatikana kwa nia nzuri ya wenyewe wapigao makafi. Msomaji akumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Tarehe 20 Juni 1875 mitumbwi ikashushwa. Watu kama 150, waume kwa wake na watoto, wakaingia pamoja na nafaka na bidhaa. Mingi katika mitumbwi ile ilikuwa mikuukuu, na mishono yake imechoka. Wala haikuwa imejaribiwa kwa mzigo mzito. Mtu ajuaye vyombo ataelewa pia ya kuwa mtumbwi wa kushonwa ukikaa juani juu ya mchanga siku kadhaa, nyuzi hukauka na mianya hufunguka. Hata hivyo walipakia, wakaondoka. Usiku ukawakuta wangali mbali na kisiwa walichokikusudia. Katika giza sauti zikaanza kusikika huku na huku, watu wakilia ya kuwa mtumbwi wao unazama. Stanley akazunguka na Lady Alice, akiwaokota watu majini na kuwagawanya katika vyombo vingine, navyo vikazidi kulemewa. Kabla ya mapambazuko mitumbwi mitano ilikuwa imepotea, pamoja na nafaka na bunduki. Watu wote waliokolewa. Tukifikiri giza lile na mawimbi yale, hiyo ni ajabu kubwa.

Walipofika katika visiwa vidogo vya Miandere ndipo walipoifanya kazi iliyopasa kufanywa Kageye. Walitoa mizigo yote, wakaivuta mitumbwi iliyosalia, wakaikagua mmoja mmoja, wakaziba mianya na kuitengeneza. Kisha hawakurudia kosa la kupakia wote kwa mara moja. Walikwenda kwa mafungu: fungu la kwanza likawekwa katika kisiwa kiitwacho na Stanley Kisiwa cha Kimbilio, na mitumbwi ikarudi Kageye kuwachukua waliobaki. Njia hii ilikuwa ya polepole, lakini watu walifika. Wazee wetu wasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Katika ziwa mambo ni magumu zaidi, maana usipoziba ufa huna mahali pa kujengea huo ukuta.

Lakini yako makosa ambayo hayazibwi kwa pamba. Katika mwezi wa Agosti mwaka ule ule Stanley alikwenda na mitumbwi yake, pamoja na ya Waganda waliomfuata, mpaka kisiwa cha Bumbire, ambacho watu wake walimnyang'anya makasia yake katika safari ya kwanza. Akawapiga kwa risasi kutoka majini, watu wengi wakauawa. Habari hizo zilipofika Ulaya wengi walimlaumu. Kosa la ubao hutengenezwa kwa ubao, na nyuzi iliyooza hubadilishwa kwa nyuzi mpya. Kosa la damu halina fundi wa namna hiyo. Na waliokuja nyuma yake katika ziwa hili walipita katika maji yaliyokwisha kuchafuliwa na wengine.

Waliokuja nyuma walikuwa wamisionari wa Church Missionary Society, waliotumwa baada ya barua ya Stanley kuchapwa katika gazeti la London mwezi wa Novemba 1875. Mkubwa wao alikuwa Shergold Smith, aliyekuwa zamani afisa wa manowari. Nao pia walileta mashua ya vipande, jina lake Daisy. Kabla ya kuondoka pwani walijaribu kupita nayo mto Wami, wakidhani watapata njia ya maji, lakini mto haukufaa. Basi Daisy ikafungwa, ikachukuliwa mabegani mpaka Kageye, na katika mwaka 1877 ikaunganishwa hapo. Tabibu wao, John Smith, alikufa Kageye mwezi wa Mei mwaka huo. Shergold Smith na mwenzake Wilson wakavuka na Daisy, wakafika kwa Mutesa mwisho wa Juni.

Mwenzao mwingine, O'Neill, alikaa upande wetu wa ziwa akishughulika na jahazi lililonunuliwa kwa Songoro, mfanya biashara wa pwani aliyekuwa na makao Ukerewe. Jahazi hilo halikuleta heri. Ugomvi ulizuka kati ya Lukonge na Songoro, na katika mwezi wa Desemba 1877 Songoro alishambuliwa huko Ukerewe. Shergold Smith na O'Neill walikuwa pamoja naye, nao wakauawa pia. Hivyo katika muda wa mwaka mmoja kazi ya Kageye ilibaki bila wenyewe, na mali yao ikalala vibandani.

Mwezi wa Juni 1878 alifika Kageye kijana wa Scotland, Alexander Mackay, mhandisi kwa elimu yake. Alikuwa amecheleweshwa na ugonjwa, akarudi pwani, na huko alikuwa amesimamia kutengenezwa kwa barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa. Alipofungua vibanda vya Kageye alikuta machafuko: vyuma vya mashine, mabomba, vitabu, herufi za kupigia chapa na miti ya mahema, vyote vimerundikwa pamoja. Akaanza kuvichagua kimoja kimoja, na vile vya chuma akaviunga na kuvisafisha mpaka vikafanya kazi. Watu wa Kageye walikuja kumtazama, wakastaajabu kuona mgeni ashikaye nyundo kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akaitazama Daisy, akaiona haifai kusafiri kabla ya kutengenezwa, akaitengeneza.

Lakini kabla ya kuvuka alifanya jambo moja ambalo mimi nalihesabu kuwa tengenezo kubwa kuliko yote. Alikwenda Ukerewe kwa Lukonge, bila silaha, mahali wenzake walipouawa miezi michache tu nyuma. Wengi walimwonya asiende. Yeye aliona ya kuwa haiwezekani kuvuka ziwa kwa amani huku chuki imebaki nyuma, kama isivyowezekana kupakia mzigo juu ya ubao uliooza. Lukonge alimpokea, wakasemezana, naye akarudi Kageye salama. Hapo msomaji ataona tofauti. Wa kwanza alichukua mitumbwi ya Ukerewe kwa hila. Wa pili alikwenda Ukerewe kwa miguu ya amani, asichukue mtumbwi wowote, ila atafute maneno ya kupatana.

Kisha Wilson alikuja kutoka Uganda, nao wawili wakaondoka Kageye na Daisy mwezi wa Agosti. Mashua ilikuwa imetengenezwa, upepo ulikuwa mwema, kila mtu angalidhani ya kuwa taabu imekwisha. Haikuwa hivyo. Walipokuwa pwani ya magharibi ya ziwa dhoruba iliwakamata. Ikawabidi waielekeze mashua pwani ili waokoe roho zao, na mawimbi yakaipiga juu ya ufuo mpaka mbao zikavunjika omo na tezi. Mahali hapo paliitwa Makongo. Wenyeji waliwapokea vizuri, wakawapa mahali pa kulala, na mizigo iliyolowa ikaanikwa juani.

Sasa waliona shida ya kweli. Chombo kimevunjika, na mbao za namna ile hazipatikani. Kuagiza nyingine Ulaya ni kazi ya mwaka na zaidi. Mtu wa moyo mdogo angaliketi na kulia. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mackay alifikiri hivi: ncha mbili za mashua zimeumia, tumbo la katikati lina mbao nzuri, basi tukubali kupoteza urefu ili tupate uzima. Wakaikata mashua katikati, wakatoa futi nane nzima. Mbao za kipande kile wakazitumia kuwa viraka vya omo na tezi. Kisha wakazisogeza ncha mbili zikutane, wakaziunganisha. Ni kama mama achukuaye kanzu iliyochanika mabegani na pindoni, akaikata, akamshonea mtoto shati. Kazi hiyo ilidumu majuma manane, kwa vyombo vichache na mikono miwili mitatu. Mwisho wake Daisy ikarudi majini, fupi kuliko zamani, nayo ikawafikisha Uganda mwezi wa Novemba 1878.

Nawaomba wasomaji walitazame tendo hilo kwa makini, maana ndani yake mna hekima. Fundi mgeni wa kazi hutaka kukirudisha chombo kuwa kama kilivyokuwa siku ya kwanza. Akikosa, huona haya, hufunika kosa kwa rangi na lami. Fundi mkomavu huuliza swali lingine: chombo hiki kitakiwacho kufanya kazi, kwa vitu nilivyo navyo leo kitaweza kufanya nini? Daisy haikuchukua tena mizigo kama zamani, na hiyo ilikuwa hasara ya kweli, wala haifai kuificha. Lakini mashua fupi ivukayo ni bora kuliko mashua ndefu ilalayo ufuoni.

Habari ya tatu niisimulie kwa ufupi. Chombo kingine cha wamisionari, Eleanor, kililetwa nacho vipande vipande, kikaundwa upande wa kusini wa ziwa katika mwaka 1883. Katika mwezi wa Oktoba 1888 palitokea mapinduzi Uganda, na wamisionari wote wakafukuzwa, Waprotestanti na Wakatoliki. Watu hao walikuwa wameshindana kwa miaka mingi, lakini siku ile waliingizwa wote katika mashua moja, Eleanor, pamoja na vijana wao. Njiani kiboko aliipiga mashua kwa chini, akaitoboa. Maji yakaingia kwa nguvu, na vijana kadhaa wakafa maji. Waliosalia walifika katika kisiwa kilichokuwa karibu. Hapo wakaivuta mashua, wakaliziba tundu kwa vitu walivyo navyo, wakaendelea na safari mpaka upande wetu wa kusini, kwa Mapadre wa Ukumbi kwanza, kisha Usambiro kwa Mackay. Katika jahazi linalovuja hakuna aulizaye jirani yake ni wa dhehebu gani; kila mtu hushika upo na kufua maji.

Basi tumejifunza nini? Naona mambo manne.

La kwanza, kosa hupungua likitafutwa mapema. Uzito wa Lady Alice uligunduliwa Unguja, nalo likawa jambo dogo. Uchovu wa mitumbwi 23 uligunduliwa usiku katikati ya maji, nalo likawa jambo la vilio.

La pili, mara nyingi kutengeneza huanza kwa kutoa, si kwa kutia. Mimi nilitoa pamba yangu, Stanley alishusha mizigo Miandere, Mackay alitoa futi nane. Na kutoa ni kugumu, maana ni kukiri mbele ya watu ya kuwa kazi ya kwanza haikufaa.

La tatu, ubao una tabia yake, nayo haibadiliki kwa ajili ya haraka yetu. Ukiwa mkavu uupe maji kwanza. Ukiwa mbichi uuache ukauke kabla ya kuutia kuwa kiraka, la sivyo utasinyaa baadaye na kuacha mwanya mpya. Haraka haraka haina baraka, na hasa mbele ya vitu vilivyo hai au vilivyokuwa hai.

La nne, chombo si mbao tu. Ni mapatano ya watu pia: aundaye, apakiaye, apigaye kasia na aketiye. Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, katika maji yale yale ya Ukerewe, kimejaa watu kupita kiasi chake. Waliokufa walizidi 200. Kivuko kile kilikuwa cha chuma, nyuzi hazikuwamo za kuoza. Mwaka 1875 watu walipakiwa kupita nguvu za vyombo, wakaokolewa kwa rehema. Mwaka 2018 walipakiwa kupita nguvu za chombo, na wengi hawakuokolewa. Kosa ni moja, nalo halikuwa katika ubao wala katika chuma.

Kwa hiyo, ewe kijana wa Magu, upitapo Kageye usiyaone makaburi na magofu kuwa mawe tu. Hapo watu walikosea sana, na wengine walilipa kwa uhai wao. Hapo pia mtu mmoja aliketi kwenye kibanda kilichojaa machafuko, akachagua vyuma kimoja kimoja, kisha akaenda kwa adui yake bila silaha. Na jioni urudipo nyumbani, upitie ufuoni pa kijiji chako. Utauona mtumbwi wa baba yako au wa jirani yako umepinduliwa mchangani. Piga goti, upitishe mkono chini yake polepole, ubao kwa ubao. Ukiona ufa, mwambie mwenyewe leo hii, kabla hajashuka alfajiri.